Jenereta ya msimbo au mkono wako mwenyewe? Niliyoyaona kwa miaka sita kwenye mfumo wa SACCOS

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Mjadala huu unarudi humu kila baada ya wiki kadhaa, na kila ukirudi unaishia pale pale. Wapo wanaosema anayetumia jenereta (programu inayokuandikia msimbo) hajui kazi, na wapo wanaosema anayeandika kila kitu kwa mkono anakula muda wa mteja. Nimekuwa nikiusoma kimya. Leo naandika kwa sababu nimetoka kukabidhi mfumo niliokaa nao miaka sita, na ndani yake nimekosea pande zote mbili.

Mfumo ni wa SACCOS moja ya wafanyakazi, wanachama mia nne na ushee. Hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Tulichukua lugha ya PHP na fremuweki (kiunzi cha kujengea mfumo) ya Yii 2 kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea, na Yii inakuja na jenereta yake iitwayo Gii. Kwa asiyeijua: unachora majedwali kwenye hifadhidata, unafungua Gii kwenye kivinjari, unaitajia jedwali, inakuandikia modeli (msimbo unaosimamia data za jedwali hilo). Unaiambia tena, inakuandikia kontrola (msimbo unaopokea maombi ya mtumiaji) yenye vitendo vitano (kuorodhesha, kutazama, kuunda, kuhariri, kufuta), modeli ya kutafutia, na kurasa za kuonyesha. Tulikuwa na majedwali 31. Siku mbili, kurasa zote zimesimama. Mwenyekiti alipoziona akajua tumebakiza rangi na nembo tu.

Nianze na sifa zake, maana ni za kweli. Gii haibahatishi. Inasoma jedwali. Safu uliyosema isiwe tupu, inaandika kanuni kwamba lazima ijazwe. Safu ya herufi 50, inaandika urefu usizidi 50. Ukiweka faharasa ya upekee (inayokataa thamani moja kujirudia), inaandika kanuni ya upekee. Ukiunganisha jedwali na jedwali kwa ufunguo wa kigeni, inaandika uhusiano wao na inakagua kama rekodi inayotajwa ipo. Kadiri ulivyochora jedwali kwa akili, ndivyo msimbo unavyotoka na akili. Kinyume chake pia. Sisi namba ya simu tuliiweka kama namba kamili. Jenereta ikatii, na sifuri ya mwanzo ya kila mwanachama ikapotea.

Kuna na mambo ambayo binadamu aliyechoka husahau, yenyewe haisahau. Kitendo cha kufuta, Gii hukifungia kipokee ombi la POST peke yake, yaani ombi la kutuma data, si la kufungua kiungo tu. Wengi humu wanaoandika kwa mkono wanaweka kufuta kwenye kiungo cha kawaida tu. Mwaka 2005 Google walitoa chombo kilichoitwa Web Accelerator, kilichokuwa kikifungua viungo vya ukurasa mapema kabla mtumiaji hajavibonyeza ili kumpunguzia kungoja. Kilipoingia kwenye mifumo yenye viungo vya kufuta vya namna hiyo, kikavifungua navyo, na data za watu zikafutika bila mtu kugusa kitu. Mimi mwenyewe kurasa za ripoti niliziandika kwa mkono, na ya kumi na moja nikasahau kusafisha maandishi yaliyoingizwa na watumiaji kabla ya kuyaonyesha, yasije yakaendeshwa kama msimbo kwenye kivinjari. Ukurasa wa kwanza niliuandika nikiwa macho. Wa kumi na moja niliuandika saa saba usiku.

Sasa majeraha.

La kwanza. Tulifungua lango la wanachama ili waombe mkopo wenyewe. Jedwali la maombi lina safu ya hali: linasubiri, limeidhinishwa, limekataliwa. Kwenye fomu ya mwanachama niliondoa kisanduku cha hali, nikaamini nimemaliza. Lakini Gii ilipoandika modeli iliweka kanuni kwa kila safu, na kwenye Yii safu yenye kanuni inahesabiwa ni salama kupokelewa kutoka kwenye fomu. Kontrola nayo inapokea chochote kilichotumwa na kukimwaga kwenye modeli kwa mstari mmoja. Yaani kisanduku hakionekani, lakini mlango uko wazi. Mwanachama kijana anayejua kompyuta akaongeza kisanduku hicho mwenyewe kwa zana za kivinjari chake, akatuma. Ombi la shilingi 1,800,000 likaingia likiwa limeshaidhinishwa.

Aliyelikamata ni mweka hazina, mama mmoja makini sana. Aliona mkopo umeidhinishwa lakini hauna namba ya muhtasari wa kamati ya mikopo, akakataa kutoa hata senti. Kijana naye alikuja mwenyewe kesho yake kutuonyesha alivyofanya. Nilitoka jasho. Fedha za watu wa mishahara midogo zilikuwa zimelindwa na daftari la mama yule, si na msimbo wangu.

Wakubwa wamepitia hapo hapo. Machi 2012, Egor Homakov alitumia udhaifu wa aina hiyohiyo ndani ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo iliyojengwa kwa Ruby on Rails (fremuweki ya lugha ya Ruby), akajipa ruhusa ya kuandika kwenye hazina ya msimbo wa Rails yenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ameueleza udhaifu huo kwa wenye Rails. Rails 4, iliyotoka 2013, ikaleta utaratibu wa kutaja wazi ni safu gani zinazoruhusiwa kupokelewa. Ila tazama jambo moja: ukiiambia jenereta ya Rails ikuandikie kurasa za jedwali, kwenye orodha hiyo ya ruhusa inaweka safu zote ulizoitajia. Orodha ipo, uamuzi haupo.

La pili. Chama kikaamua kila mkopo uwe na mdhamini wa pili. Nikaongeza safu, nikarudi Gii, nikaizalisha modeli upya. Gii inakuonyesha tofauti kati ya faili la zamani na jipya na inakuuliza uandike juu yake au uache. Nikaweka tiki bila kusoma. Ndani ya modeli ile mwenzangu alikuwa ameandika hesabu ya adhabu ya kuchelewa kurejesha. Ikapotea. Siku mbili mfumo ulikaa kwenye seva bila kumtoza mtu adhabu, na tulipoirudisha kutoka Git, chombo kinachotunza matoleo ya zamani ya msimbo, ilibidi tukae na karani kukokotoa upya mkopo mmoja mmoja.

Nikisema kwa kifupi nilichojifunza: jenereta inasoma jedwali, haisomi katiba ya chama. Nani aruhusiwe kuona akiba ya nani, mkopo uidhinishwe na nani, adhabu ianze siku ya ngapi, hayo hayamo kwenye jedwali. Yamo kwenye vikao. Hata ukaguzi wa nani ameingia kwenye mfumo, kontrola ya Gii haikuwekei, kwa hiyo ukiiacha kama ilivyotoka, asiyejisajili anaweza kufungua ukurasa wa kuhariri wanachama.

Lakini sikuacha jenereta. Mwaka wa tatu nilifanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza: nikaandika kiolezo changu, yaani mfano ambao jenereta inaufuata inapoandika msimbo. Gii inaruhusu. Nikachukua kiolezo chake, nikakaa nacho juma zima, nikakiandika upya mstari kwa mstari kwa mkono. Kontrola inayotoka kwenye kiolezo changu inamkatalia kila mtu kila kitu mpaka nitaje nani anaruhusiwa. Modeli inatoka mbili: ya msingi, ambayo haiguswi na inaweza kuzalishwa upya hata mara mia, na ya juu yake, tupu, ambayo ndiyo tunaandikia kanuni za chama. Waliofanya kazi na Propel, zana ya hifadhidata ya PHP, enzi za fremuweki ya symfony ya kwanza wanaufahamu mpangilio huu. Safu za hali, salio na kiasi kilichoidhinishwa hazipokelewi kutoka kwenye fomu yoyote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza jenereta au mkono, najibu: mkono, lakini uutumie kuandika kile ambacho jenereta itakirudia. Naomba michango yenu, hasa ya waliokaa na mfumo mmoja muda mrefu.

#2 Mchangiaji

Mkuu, heshima kwako kwa kueleza kosa lako hadharani, wengi hawathubutu.

Mimi ni mtu wa mkono na nitabaki huko, nikupe sababu. Nilirithi mfumo wa zahanati uliotengenezwa kwa jenereta ya kulipia, ile ya kuburuta visanduku kwenye skrini. Aliyeutengeneza hayupo, leseni imekwisha. Nikafungua msimbo: faili moja mistari zaidi ya elfu nne, vigeu vina majina ya namba, hakuna maelezo hata moja. Daktari anataka tu risiti ionyeshe jina la mhudumu. Ilinichukua siku nne. Siku nne kwa jina moja. Mwishoni tukakubaliana niandike upya wote, miezi mitano. Aliyeokoa muda mwanzoni alilipwa akaondoka, deni likabaki kwa zahanati.

#3 Mleta uzi

Hilo nakubaliana nawe kabisa, mkuu, na sikulitenganisha vizuri pale juu. Jenereta ambayo msimbo wake unasomeka na binadamu ni kitu kimoja. Jenereta ambayo msimbo wake unahaririwa na chombo chenyewe tu ni kitu kingine kabisa, na ya pili siiruhusu kwa mteja wangu. Mimi kabla ya kuchagua hujiuliza: chombo hiki kikifa leo, faili zilizobaki naweza kuendelea nazo kwa mhariri wa maandishi wa kawaida? Za Gii, za Rails, za Laravel, ndiyo, maana ni PHP na Ruby ya kawaida kama ungeandika mwenyewe. Mfumo wako wa zahanati, hapana.

Na pole sana kwa miezi mitano.

#4 Mchangiaji, Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nafanya mifumo ya malipo, na huko ndiko nimeona jenereta ikifika ukingoni.

Ukituma ombi la STK Push (la kumtaka mteja alipe kwa M-Pesa) kwa Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, mteja anaweka PIN kwenye simu, halafu jibu linakuja kwenye anwani uliyotaja. Likija na ResultCode 0, amelipa. 1032, ameghairi. Mpaka hapo ni rahisi. Sasa jibu lisipofika kwa sababu seva yako ilikuwa chini dakika tatu? Ama lifike mara mbili? Nilimpata kijana wetu amezalisha jedwali la malipo na kontrola yake kwa Laravel, fremuweki nyingine ya PHP, na kila jibu linalokuja anaongeza rekodi. Mteja mmoja akaonekana amelipa kodi ya nyumba mara mbili. Mwenye nyumba akafurahi, sisi tukakesha.

Msimbo wa kupokea jibu la malipo ninauandika kwa mkono, polepole, na mtu wa pili anausoma. Ile kurasa ya kuorodhesha malipo kwa mhasibu, hiyo zalisha tu, sina shida.

#5 Mleta uzi

Dada, asante, huu mfano ni bora kuliko wangu. Niongeze kidogo. Namba ya risiti ya M-Pesa ukiiwekea faharasa ya upekee kwenye hifadhidata yenyewe, jibu la pili linagonga ukuta hata kama msimbo umelala. Na Gii ikisoma jedwali hilo itakuandikia kanuni ya upekee yenyewe. Ndiyo maana siku hizi kanuni yoyote inayoweza kukaa kwenye jedwali naipeleka kwenye jedwali. Kiasi cha fedha ni DECIMAL (aina ya safu inayotunza desimali kamili), si namba ya nukta inayoelea ambayo inakupotezea senti. Tarehe ni tarehe, si maandishi. Usitegemee kanuni ya modeli peke yake hapo, maana majibu mawili yakiingia kwa wakati mmoja yote yanaweza kupita ukaguzi kabla hata moja halijaandikwa. Ukuta wa hifadhidata ndio wa mwisho.

Lile la jibu lisilofika, hapo hakuna jedwali la kukusaidia. Ni mkono, kwa kuuliza tena hali ya muamala.

#6 Mchangiaji

Wakuu, mbona mnazungumza kana kwamba lazima msimbo uzalishwe? Django, fremuweki ya lugha ya Python, ilitoka 2005, ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, kwa watu waliokuwa wanakimbizana na muda wa kuchapa. Kurasa zake za utawala hazizalishi faili hata moja. Zinasoma modeli wakati mfumo unaendeshwa na kuchora fomu hapo hapo. Ukiongeza safu kwenye modeli, fomu inabadilika. Jeraha la pili la mleta uzi lisingetokea.

#7 Mleta uzi

Kweli, lisingetokea. Kwa kurasa za karani na mweka hazina nakubali, Django ingenifaa kuliko Gii. Kwa lango la mwanachama sikubali, maana kurasa zile zimekusudiwa watumishi unaowaamini, na mwanachama anahitaji safari yake: aone akiba yake, aombe, afuatilie. Hiyo utaiandika kwa mkono kwenye Django kama ambavyo ungeiandika kwenye Yii.

#8 Mchangiaji

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa tatu, nafanya mradi wa kumaliza chuo, mfumo wa maktaba. Sijatumia Gii wala nini. Ninaelezea akili unde ninachotaka, inaniandikia kila kitu, nanakili. Mfumo unafanya kazi. Ila nikisoma uzi huu naogopa. Nikiulizwa kwenye utetezi sitaweza kueleza. Nianzie wapi?

#9 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hofu yako ni nzuri, usiitupe.

Kwanza ujue tofauti. Gii ukiipa jedwali lile lile leo na kesho, inakupa msimbo ule ule. Ikikosea, kosa ni moja limejirudia mara 31, na siku ukilijua unalirekebisha kwenye kiolezo, limekwisha. Akili unde inaweza kukupa jibu jingine kila unapouliza, na makosa yake hayafanani faili kwa faili. Watafiti wa New York University mwaka 2021 walijaribu Copilot, zana ya akili unde ya kuandika msimbo, kwa hali 89 zenye hatari za kiusalama, wakapata programu 1,689, na takriban asilimia 40 zilikuwa na udhaifu. Zana zimebadilika tangu hapo, ila nakutajia ujue kwamba kufanya kazi na kuwa salama ni mambo mawili.

Sasa fanya hivi. Chukua jedwali moja tu, la kuazima vitabu. Funga akili unde. Andika kwa mkono kuunda, kuorodhesha, kuhariri na kufuta. Itakuchukua siku kadhaa na utaudhika, vumilia. Likisimama, zalisha jedwali hilo hilo kwa jenereta ya fremuweki yako. Weka faili mbili ubavu kwa ubavu. Kila mstari ambao jenereta imeuweka na wewe hukuuweka, tafuta ni wa nini. Kila mstari uliouweka wewe na yenyewe haikuuweka, uliza umetoka wapi. Utakuta mingi imetoka kwa mkutubi: azima mwisho vitabu vitatu, mwenye deni asiazime. Hayo ndiyo utakayoelezea kwenye utetezi, na hakuna atakayekubabaisha.

#10 Mchangiaji wa #2

Ushauri huu ningeupata miaka kumi iliyopita ningefika mbali. Mleta uzi, nina swali la kazi. Kiolezo chako kwenye timu mnakitunzaje? Sisi tulijaribu kitu kama hicho, baada ya mwaka kila mtu ana nakala yake na hakuna iliyo sahihi.

#11 Mleta uzi

Kinakaa kwenye hazina yake ya Git peke yake, na miradi yote inakivuta kama maktaba nyingine yoyote ya msimbo kwa Composer (chombo cha PHP cha kuvuta maktaba), chenye namba ya toleo. Faili zinazozalishwa zina mstari juu unaotaja zimetoka toleo lipi la kiolezo. Anayetaka kubadilisha anabadilisha kwenye kiolezo, mwingine anasoma, ndipo tunapandisha toleo. Na tuna jaribio moja linaloendeshwa kabla ya kupandisha chochote kwenye seva: linazalisha upya modeli zote za msingi na kulinganisha na zilizopo. Zikitofautiana hata kwa herufi, linakataa, kwa sababu maana yake kuna mtu amehariri faili lisilohaririwa. Mwezi wa kwanza lilinikataa mimi mara mbili.

Gii yenyewe haipandi kwenye seva ya wateja. Inabaki kwenye kompyuta zetu, na hata huko inafunguka kwa anwani ya mashine yenyewe tu. Kagueni mifumo yenu hilo jioni hii, tafadhali.

#12 Mchangiaji, Nairobi

Nimekagua. Moja ya mifumo yetu ya zamani ilikuwa wazi. Nimeifunga sasa hivi. Mleta uzi, utatubandikia hicho kiolezo?

#13 Mleta uzi

Nitakibandika, dada. Nipe mpaka Jumamosi niondoe majina ya majedwali ya chama, halafu niwaombe kwanza ruhusa. Mweka hazina ndiye nitakayemuuliza.